Namba za Ubavuni

Tuliingia Coober Pedy saa tisa alasiri
na tairi la nyuma, kushoto, limening'inia kwenye rimu
kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.
Mji wenyewe huuoni. Watu wanaishi chini ya ardhi;
juu kumebaki mabomba ya hewa, vifusi vya wachimba opali
na gereji ya Stavroula, ambaye baba yake
alitoka Ugiriki kufuata vito
akaishia kuziba pancha.

Desmond akaanza kueleza. Mume wangu hueleza.
Matairi yale ya matope aliyachagua Mildura, dukani,
kwa jinsi yalivyosimama: kashata nene, meno ya mamba,
na herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Stavroula alimwacha amalize.
Kisha akapiga goti, akapitisha kidole gumba ubavuni,
pale jiwe la njia ya William Creek lilipochana
mchano mwembamba kama wa wembe.
"Matope mtayapata wapi huku?" akauliza.
"Nchi hii haizamishi mtu. Inakata."

Karavani ina uzito gani?
Desmond akataja uzito ulioandikwa kitabuni.
Na maji?
Maji hatukuyapima. Wala jenereta, wala mitungi ya gesi,
wala boksi la vitabu vya Lachlan chini ya kitanda,
ninalompelekea bila kumwambia baba yake.

"Soma hapa," akasema. "Mia moja na kumi na mbili.
Hiyo ni kilo elfu moja mia moja na ishirini, kila tairi.
Mmembebesha punda mzigo wa ngamia,
halafu mnamlaumu kwa kupiga magoti."

Akayabingirisha mengine kutoka gizani,
kwenye tundu alilochonga ndani ya kilima.
Ya njia zote. Hayakuwa na sura ya kutisha:
kashata zimebanana, fupi, ubavu wa tabaka tatu,
namba mia moja ishirini na moja.
"Saizi moja kwa gari na karavani,
ili mguu wowote uvae kiatu chochote. Na spea mbili.
Huko mwendako, moja ni sawa na hakuna."

Desmond aliyatazama kama mtu aliyeletewa uji
baada ya kuagiza nyama.
Nikafungua pochi. Sikumngoja.

Stavroula aliandika kwa chaki kwenye mlango wa gari,
upande wangu, si upande wake:
*lami 42, kokoto 30, mchanga 18.*
"Ukipunguza upepo, punguza na mwendo.
Wengi wanakumbuka la kwanza."

Hadi Marla ni lami tupu.
Na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho dukani hawakuambii:
yale ya matope yalinguruma tangu nyumbani,
kilomita elfu moja na ushee, mngurumo ule
tulikuwa tumeufanya mtu wa tatu kati yetu,
anayeongea ili sisi tusiongee.
Sasa hayupo.
Nasikia buli likigonga kabati kule nyuma.
Nasikia Desmond akimeza mate.

Miaka minne hajalitaja jina la Lachlan,
na sasa ranchi anakofanya kazi
iko mbele yetu, nusu siku ya vumbi.

Tulipita lori la ng'ombe. Tulipita mzoga wa kangaruu.
"Lile boksi," akasema, macho barabarani,
"chini ya kitanda. Lina kilo ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anajumlisha.
"Basi tulihesabu vibaya."

Lami ilipokwisha tukashuka wote wawili,
yeye kulia, mimi kushoto,
tukachuchumaa kwenye kokoto nyekundu na vipimo mkononi
tukiachia upepo.
"Thelathini na nne," akaita kutoka upande wa pili.
"Thelathini na tatu," nikajibu.
Nzi walikuwa wengi. "Bado kidogo," akasema,
"bado kidogo."