Gia ya Pili

Jarkko aliiegemeza kwenye ghala la kuni,
akasema, "Yuro sitini. Hamsini, ukiiondoa leo.
Mtoto hajaigusa hata siku moja."
Kwenye dirisha la jikoni pazia lilitikisika:
Lenni, miaka kumi na mitano,
aliyeahidiwa pikipiki
akapewa hii.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
ila hii hata kujitembeza haikuweza.
Matairi yamepasuka kama visigino,
tangi la manjano limeliwa na kutu ubavuni,
taa ya mbele chongo.
Na kiti! Kiti kimezungushiwa utepe wa kijivu
kama goti la mgonjwa asiye na daktari.
Kule kituo cha mafuta cha Haapavaara,
wenzake wanakoegesha skuta zao mpya,
nani angekalia kidonda hicho?

Nililipa hamsini na tano.
Sikutaka Jarkko ashushe bei zaidi
mbele ya dirisha lile.

Miaka ishirini na tisa nilishona viatu,
mpaka kiwanda kikafungwa
na mashine zikasafirishwa bila sisi.
Ngozi naijua. Injini siijui.
Nikaanza na kiti.
Chini ya utepe, sifongo; ndani ya sifongo, nyumba ya panya:
nyasi, manyoya, na kipande cha tikiti ya basi
cha mwaka niliopewa talaka.
Nikakata ngozi ya kahawia, nikautia uzi nta,
sindano mbili zikapishana katika tundu moja,
na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe
vidole vyangu viliuma inavyostahili.

Kwenye madigadi niliukwangua udongo mwekundu,
ule wa shimo la kokoto,
ukaanguka sakafuni, nikaufagia.

Mengine alinielekeza Rauni kwa simu,
fundi matrekta mstaafu, masikio mabovu, sauti kubwa.
"Fungua kabureta! Kuna nini?"
"Asali nyeusi."
"Siyo asali hiyo, Aune. Ni petroli iliyosahaulika."
Mnyororo nikaulaza ndani ya dizeli, kwenye kopo la aiskrimu.
Plagi mpya, yuro sita.
Nje, theluji ya Aprili ilidondoka kutoka paani,
tone, tone,
kama mtu anayehesabu pesa zangu.

Nikapiga kiki. Kimya.
Nikapiga. Ikakohoa.
Ya kumi na saba ikanirudishia teke,
nikakaa chini, nikatukana kwa lugha ya mama yangu,
nikainuka, nikapiga tena,
ikashika.
Moshi wa buluu ukajaa banda zima.
Rauni, kwenye simu, alikuwa akipiga makofi.

Juni, saa nne za usiku na jua bado limesimama,
nilipita kituo cha mafuta nimejikunja kama mwanasarakasi.
Hapo hapo gia ya pili ikaruka.
Injini ikapiga kelele bure, mimi nikabaki pale pale,
mama mzima na kofia ya helmeti ya kuazima.
Vijana walicheka.
Lenni hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Siku ya tatu alikuja langoni.
"Umeshona mwenyewe?"
Akapitisha kidole gumba juu ya mishono,
polepole, upande mmoja, kisha wa pili.
Halafu, bila kunitazama:
"Gia ya pili ina kiburi. Usiilazimishe.
Iinue kwa ncha ya kiatu,
hesabu moja,
ndipo uachie klachi.
Na ukiwa kwenye kokoto, hesabu mbili."

Nikaukumbuka udongo mwekundu.
Shimo la kokoto liko mbali na kituo cha mafuta,
mbali na dirisha lolote.

Sikusema kitu. Nilimpa spana namba kumi,
nikaingia ndani kuchemsha kahawa,
na nikachelewa kwa makusudi.