Mkono Mmoja wa Rangi

Mwaka ule hoteli zilipofungwa
na maua ya Naivasha yakaozea ghalani,
serikali ilituletea kazi ya siku kwa siku.
Wenzetu walipewa majembe, wazibue mitaro ya Bondeni.
Sisi kumi na wanne tulipewa ukuta.

Ukuta wa stesheni, upande unaotazama soko,
hatua mia moja na saba, nilizipima mwenyewe kwa miguu.
Mia nne na hamsini kwa siku, zikiingia kwa simu;
zikichelewa, ukaazime unga kwa jirani
ambaye naye ameuazima.

Kiongozi wetu Isaya Ombuya,
mwandishi wa mabango ya vinyozi na bucha,
bingwa wa ng'ombe anayekichekea kisu
na herufi zenye vivuli, kana kwamba zimesimama juani.
Mimi Nyanchoka, mchanganya rangi:
ndoo ngapi za bluu, tapentaini kiasi gani,
kijiti kipi kisitiwe kwenye nyekundu.

Mchoro ulitoka ofisini umeshapigwa muhuri.
Heroe thelathini ziwani, kreta ya Menengai, bendera,
na mikono miwili ikisalimiana
isiyo na wenyewe.

Tulianza na heroe. Waridi ikaisha mapema.
Siku ya tisa Ombuya akavuta mstari wa mkaa chini ya ziwa,
akasema, hapa pamebaki wazi, simameni.
Akatuchora tulivyopanga foleni ya kuandikishwa:
Jelagat na mtoto mgongoni, barakoa kidevuni,
Wafubwa na kiatu kilichofungwa kwa kamba ya katani,
mwalimu wa chekechea aliyejificha nyuma ya mwavuli
wanafunzi wake wasimwone.
Akaniuliza, na wewe, wako nani?
Nikasema, baba.

Miaka ishirini na sita katika kiwanda cha pareto.
Vumbi la yale maua lilimkaa kooni, akaenda nalo kaburini;
malimbikizo yake hayajamfuata huko.
Ombuya hakumjua. Nilimweleza masikio, nikamweleza bega la kulia.
Akamweka mwisho wa foleni, kofia mkononi,
kama mtu anayetaka kujua
dirisha bado liko wazi?

Afisa alikuja Ijumaa, viatu vyake vikikwepa matone.
"Nani amewatuma mchore njaa kwa rangi ya serikali?"
"Si njaa," Ombuya alisema. "Ni foleni."
"Futeni. Mikono miwili ya bluu.
Jumatatu nikute ziwa limefika chini."

Sikumwambia mtu.
Foleni ilikuwa ya rangi ya mafuta;
juu yake nilileta rangi ya maji,
nayo nikaiongeza maji, mkebe kwa mkebe,
kama mama anavyorefusha chai mgeni wa tatu akibisha hodi.
Tukapaka mkono mmoja.
Bluu ikakaa pale kama nguo ya kuazima.
Ombuya alichovya kidole ndani ya ndoo, akanitazama,
akajifutia surualini.
Afisa alipiga picha, akaenda zake.

Mshahara wa siku kumi na moja za mwisho
uko njiani hadi leo. Huenda nao umepanga foleni.

Masika ya nne yamepita.
Heroe wamefifia, huwezi kuwatofautisha na kuku.
Lakini kule chini bluu inabambuka,
ilianzia magotini, kiatu cha Wafubwa kikatangulia,
halafu mtoto wa Jelagat, jicho moja,
halafu mbavu za mwavuli.
Napita kila Jumanne nikitoka kununua sukuma.
Jana niliiona kofia. Kofia tu, na vidole vinne.

Muuza viazi aliyeegemeza magunia yake pale
akaniuliza, mama, umepoteza kitu?
Nikamwomba asogeze gunia kidogo.
Kushoto. Bado kidogo.