Picha Nane

Harith alipiga picha za pasipoti,
nane kwa riyali moja, studio ya nyuma ya pampu, Mabela.
Nikadhani anasafiri. Nikadhani anatukimbia.
Mwaka ule nilidhani kila kitu.

Ilianza na kadi za kukwangua.
Mtu anaendesha tangi la maji matamu tangu alfajiri,
akirudi, ukucha wa gumba una vumbi la kijivu;
nami naufulia kanzu nikidhani saruji.
Usiku, chini ya shuka, uso wake buluu
kama samaki ndani ya friji.
Kampuni yenyewe iko kisiwa gani, Mungu ajua.
Hapa haina mlango wa kugonga,
haina bawabu wa kumtukania mamake.
Na jambo lenyewe haramu, utamwambia nani?
Ukimwambia imamu, umemshitaki mumeo.
Ukimwambia mamako, umejishitaki wewe.
Basi bangili zikanitoka mkononi
moja moja, zikaenda Matrah,
nami nikawaambia mawifi: mkono umenivimba.

Kisha bati la Azzan,
bati la maziwa ya unga, la idia zake za miaka mitatu.
Akalitikisa, akaliweka sikioni, akanitazama.
"Mama, linalia vingine."
Nikalifungua. Nati.
Nati za pampu ya tangi, kilo nzima,
zimehesabiwa uzito ili mtoto asijue.
Siku hiyo sikupiga kelele. Nilizipanga mezani
kama sahani za wageni
nikamngoja.

Kesho yake ndipo akaenda studio.

Fomu ya kisiwani aliijaza kwanza, mbele yangu.
Unataka tukufungie mlango kwa muda gani?
Miezi sita. Mwaka. Miaka mitano. Milele.
Kidole kikasimama juu ya "milele",
kikatetemeka, kikateremka kwenye mitano.
Sikumlaumu. Milele tulishaitia saini mara moja,
na shahidi mmoja keshakufa.
Saa ya pili yake kampuni nyingine, jina jingine,
ikamwandikia: Karibu, tumekuwekea zawadi.

Basi akatoka kwa miguu, na juani Juni,
akagawa uso wake.
Moja dukani kwa Biju, ubavuni mwa sanduku la pesa.
Moja kwa Mbangali wa simu.
Moja kwa bwana wa matangi: mshahara apewe Zuwena.
Nyingine pampuni, nyingine kule anakobadilisha pesa,
mbili kwa ndugu zake wa Barka, wakopeshaji wenye huruma.
Nyuma ya kila moja kaandika kwa mkono wake:
Huyu akija, mrudisheni.

Wiki tatu. Alhamisi ya mshahara
(bwana kasahau, kampa mkononi)
akaingia kwa Biju, akaomba kadi ya riyali ishirini.
Biju, ambaye hapati mteja kama yule mtaa mzima,
akatikisa kichwa.
Harith akapiga kaunta. Pesa zangu! Wewe nani?
Biju akabandua picha, akamgeuzia.
"Mimi si mtu, baba. Huyu ndiye kasema."

Wakatazamana, yeye na yeye,
mmoja kachomwa na jua, mmoja na taa ya studio.

Akarudi na laban chupa mbili na hasira ya watu kumi.
Hakula. Alilala sebuleni, simu yake kanirushia mapajani
kama kitu kinachouma.

Sisemi amepona. Nati zingali batini.
Alhamisi hii alitoa moja, akatia baisa hamsini;
Alhamisi iliyopita hakutia kitu, nami sikumuuliza.

Picha ya nane ninayo mimi, mkobani,
pale zilipokuwa risiti za bangili.
Azzan kaiona. Mbona Baba kanuna?
Nikamwambia: picha za pasipoti, mwanangu,
hawataki meno.