Kumi na Minne

Saa kumi na moja alfajiri, Sheffield. Theluji inasitasita.
Mtaa wote umelala
ila friji, na mimi, na wewe mpiga mateke.
Kalamu yangu haiandiki:
nazungusha kitako chake, ta, ta, ta,
nahesabu mibofyo hadi kumi na minne
kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza hukosea.

Sindano fupi kuliko punje ya mchele.
Nabana nyama ya tumbo, mbali na kitovu,
nakuomba radhi.

Jana kipimo kilisoma tisa nukta mbili.
Nesi Maureen hakunikaripia,
aliuliza tu nilikula nini.
Nikasema wali. Sikuitaja halua
aliyoileta wifi Mwanasiti kutoka Leicester,
kipande kimoja, kisha cha pili;
mchovya asali hujijua.

Usiku sukari ikashuka. Mikono ikatetemeka,
nikanywa maji ya machungwa gizani, wima,
jasho likinitiririka kwenye baridi hii,
nikakuita kwa jina ambalo baba yako bado analipinga.

Ukageuka.

Sasa tano nukta moja.
Naiandika daftarini, naipigia mstari.
Kisha chai kavu,
na ubishi wetu wa jina uendelee.