Nani Aliziba Lile Paa?

Mimi ni fundi wa mabati, mtaa wa Huruma
(ni jina la mtaa, usishangilie bado),
na kila mhubiri anapofika kwa wale wanne
waliotoboa paa la watu
wakamshusha mwenzao aliyepooza mbele ya Yesu,
kanisa hupiga makofi, mimi hupiga hesabu.
Boriti ngapi? Udongo kiasi gani?
Usiku, umati ulipotawanyika,
mwenye nyumba alilala akitazama nyota?
Nani aliziba lile paa?

Usinicheke. Kila mtu husoma Injili kwa jicho la kazi yake.
Nyaboke, muuguzi wa ghorofa ya pili, huuliza
yule mama aliyevuja damu miaka kumi na miwili
alifua nguo zake saa ngapi, majirani wasimwone.

Mimi nina sababu yangu.
Musembi alianguka kutoka paa la godauni,
Barabara ya Lunga Lunga, mabati yana umande.
Mimi ndiye niliyeshika ngazi.
Simu ikalia mfukoni. Nikaachia mkono mmoja.
Mmoja tu.
Aliyepiga alikuwa amekosea namba.

Tangu hapo Musembi ana miguu ya kutazama.
Anakaa ghorofa ya tano, mimi ya sita,
jengo halina lifti,
na miezi kumi na moja nilipita mlangoni pake
kwa ncha za vidole, kama mwizi.

Alhamisi moja mkewe, Ndinda, akabisha kwangu.
Kliniki ya mazoezi imetoa nafasi. Wamepatikana watatu:
Kirimi wa makaa, Abdi wa bucha la Kiamaiko,
na Ochola, kijana wa kutengeneza simu.
Pembe ya nne ya blanketi haina mtu.
Hakuniuliza kama naamini.
Aliniuliza kama mgongo wangu ni mzima.

Vidato themanini na vinane.
Abdi akisema bismillahi kila kona,
Kirimi akimlaani mwenye jengo kila kona,
Ochola akihesabu kwa sauti.
Mimi kimya. Blanketi lilinikata vidole;
sikuthubutu kuachia.

Hadithi inasema Yesu aliiona imani yao. Yao: wabebaji.
Na neno lake la kwanza halikuhusu miguu,
lilihusu msamaha.
Siku zote nilidhani msamaha ule
ulikuwa wa aliyelala mkekani.

Ghorofa ya pili tulitua kupumua.
Musembi akanitazama kutoka chini, uso umepinduka:
"Nilisikia hatua zako kila usiku.
Unadhani asiyetembea hana masikio?"
Kisha: "Nyanyua upande wako, fundi.
Kliniki inafunga saa sita."

Musembi hajasimama. Sitakudanganya.
Kidole gumba cha kushoto kilicheza mwezi wa Agosti;
Ndinda anaapa, daktari anainua mabega.
Kila Alhamisi tunashuka vidato themanini na vinane,
halafu tunapanda,
na ile ya kupanda sijasikia akiihubiri mtu.

Kuhusu lile paa, nina jibu langu, halimo katika maandiko.
Nadhani alfajiri yake mmoja wa wale wanne alirudi
na matete, na udongo, na aibu kidogo,
na yule aliyekuwa amepooza
akamshikia ngazi
kwa mikono miwili.