Tupa Haina Toba

Jumamosi, kule Pongwe, kwenye shimo la chokaa lililoachwa,
risasi zangu tisa zilikaa pamoja kama vifaranga.
Ya kumi ikaenda zake.
Kocha Kihiyo, kijana wa juzi, akashusha darubini:
"Mama Mwantumu, unaivuta kama kamba ya mbuzi wa mkopo."

Sikumjibu.
Miaka ishirini na sita natengeneza cherehani Barabara ya Kumi na Tatu,
nasikia sindano ikikosa bobini kwa unene wa unyoya.
Najua chuma kinapodanganya.
Kifyatuo hiki kilikwenda, kikakwama,
kikakwaruza kama mchanga ndani ya pilau,
kikaenda tena,
na jicho likachoka kusubiri, likapepesa.

Nyumbani nikafunga mlango wa jikoni.
Nikaangalia chemba: tupu.
Nikaingiza kidole kidogo: tupu.
Nikaangalia tena, maana bunduki tupu ndiyo huua.

Kwanza, uzito.
Chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa,
nikaifunga kamba ya katani, nikaitundika kwenye ulimi wa triga,
bunduki wima kati ya magoti kama mtoto anayesukwa.
Haikufyatuka.
Nikaongeza kufuli la duka.
Ta.
Kumbe nilikuwa nabeba duka zima kwa kidole kimoja!

Nikatandika khanga kuukuu, ile iliyofutika maneno:
pini mbili, springi, na lile jino
dogo kama punje ya mtama, linaloshika kila kitu.
Marehemu baba, wa karakana ya reli,
aliwafunza vijana wake kwa sentensi moja:
"Tupa haina toba."
Ilichokula hairudishi.
Basi tupa nikaiacha ndani ya kopo lake,
nikachukua jiwe laini na tone la mafuta ya cherehani,
nikasugua kama anayembembeleza mgonjwa alale,
mara kumi, nafuta, naangalia,
mara kumi.
Saa tatu umeme ukakatika.
Mjukuu wangu Shamte akanishikia taa ya simu.
"Bibi, unaipiga mswaki?"

Kisha springi. Nikailegeza robo mzunguko. Robo nyingine.
Tamaa, nakiri.
Nusu chupa: ta. Robo chupa: ta.
Nikafurahi gizani kama mwizi.
Ndipo jirani, mama Chausiku, akabamiza geti lake
na bunduki, imelala mezani, hakuna aliyeigusa,
ikasema ta.

Shamte akacheka.
Tupu, ndiyo. Nilikuwa nimeangalia mara tatu.
Lakini vidole vikawa baridi kama samaki wa barafu,
bisibisi ikanidondoka.
Nikamwambia mtoto akalale.

Nikarudisha. Robo. Robo.
Na robo ya tatu ambayo hakuna aliyeniomba.
Nikagonga kitako sakafuni mara thelathini: kimya.
Nikabamiza mlango wangu mwenyewe saa sita usiku,
mtaa unisamehe: kimya.
Nikaitundika chupa, nikamimina maji,
kikombe, kijiko, kijiko,
hadi hapa, nilipochora kwa wanja:
ta.
Bila mchanga. Bila onyo.
Kama uzi wa namba arobaini unavyokatika
wakati umeshaanza kufikiria mboga.

Si nyepesi kama nilivyotaka.
Jumamosi Kihiyo atasema bado nzito.
Nimwambie nini? Kwamba kuna uzito mtu anauhitaji
ili ajue ni yeye aliyeamua?
Neno refu hilo kwa kijana yule.
Nitamwambia alete cherehani ya mama yake,
inaruka mishono tangu Shaabani.

Nikaifungia bunduki kabatini, ufunguo shingoni.
Koo lilikuwa limekauka kwa mafuta na hofu.
Nikaifungua kamba, nikaunywa ule uzito wote,
nikabakiwa na alama ya wanja
kwenye chupa nyepesi.