Kilo Mbili za Unyevu

Mimi si malenga. Mizani ninayoijua
ni ile ya chuma, inayoning'inia kwa mnyororo
kwenye ghala la chama chetu cha msingi, Nangwale,
huku juu Newala, ambako ukungu
hulowesha magunia kabla jua halijapata nafasi.
Miaka kumi na tisa nasoma namba kwa sauti
na watu wananiamini.

Jana tuliitwa mkutano. Ajenda moja: vijana.
"Wametuharibikia," alisema mwenyekiti,
kama anayesema habari za mahindi yaliyoingia fukusi.
Kila mtu akaleta gunia lake la sababu,
nami, kwa mazoea ya kazi, nikayapima.

Simu, alisema mwalimu Hokororo.
Mshale ukatikisika kidogo.
Uraka, alisema Bi Asumini,
ambaye mabibo ya uraka huo
yanachachuka nyuma ya jiko lake.
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Kubeti, alisema mtu wa nyuma:
zamani mkeka ulikuwa wa kulalia,
siku hizi mkeka unakulaza njaa.
Hapo mshale ulishuka, sikatai.
Mzee Mkwango akasema jando limekuwa la haraka,
mtoto anatoka hata kidonda hakijakauka,
sembuse kufundika.
Akainuka mwingine: ni wanawake wasio na waume.
Hilo nililitua chini bila kulipima.

Vijana wenyewe walikuwa nje, juu ya pikipiki,
wakingoja abiria wa kutoka mkutanoni.
Fakihi alikuwepo, mtoto wa marehemu Somoe,
yule aliyeiba salfa mifuko saba mwezi wa sita,
aliyeuza korosho kwa kangomba zikiwa bado ua.
Kila aliyesema "vijana" alimtazama yeye dirishani.

Nikakumbuka jambo.

Alikuwa na miaka kumi na mitano.
Mama yake tulimzika Julai. Mikorosho ile kumi na mmoja
aliipulizia mwenyewe, kitambaa mdomoni.
Oktoba akaja na gunia moja juu ya baiskeli ya kuazima,
korosho kavu, ukizitikisa zinalia kama kete.
Mizani ikasema themanini na tatu.
Mimi nikasema themanini na moja.
"Unyevu," nikamwambia.

Ndivyo tulivyomfanyia kila mtu. Kilo mbili, kilo mbili,
mwisho wa siku linazaliwa gunia lisilo na mwenyewe,
na fungu langu la magunia hayo
lilimsomesha binti yangu hadi kidato cha nne.

Fakihi aliutazama mshale. Hesabu alikuwa wa kwanza darasani.
Kisha akanitazama mimi. Sikuona hasira.
Niliona mtu anayefundishwa somo
na kulielewa upesi.

Basi zamu yangu ya kusema ilipofika jana,
nilisema nini? Nilisema simu.

Leo nimemfuata kijiweni na daftari langu.
Nikamlipa kilo mbili, bei ya mnada wa mwisho.
Akahesabu, akanirudishia mia mbili.
"Umezidisha."
Nikamwambia, msimu ukifunguliwa
uje usimame mbele ya mizani. Wewe usome, mimi niandike.
"Na mwenyekiti?"
"Mwenyekiti naye ana magunia yake. Tutayasoma."
Akacheka kidogo, akapiga kiki, abiria amekuja.
Hakusema ndiyo.

Sijui kama hiyo ni dawa.
Salfa nayo haiponyi mti siku ya kuipuliza,
na hupulizwi mchana, jua likiwaka, ikaenda na upepo.
Unaamka alfajiri, majani yakiwa na umande,
kwa sababu dawa hushika penye unyevu.

Katika daftari nimebakiza majina mia mbili na kumi na sita.
Kesho naanza na herufi A.
Asumini.